Kisichoanikika kisiingie garini

Nilipofungua mlango wa pembeni wa lile gari, harufu ndiyo iliyonipokea. Ni ile harufu ya kabati lililofungwa masika yote na ndani yake mna nguo zilizokunjwa mbichi. Mtoto wa kaka yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, kimya. Kwenye simu alisema neno moja tu: "Shangazi, njoo Jang'ombe uniangalizie gari, sielewi limekuwaje." Nikapenyeza mkono nyuma ya ubao wa ukuta, pale ulipofura na kuachana na fremu, vidole vikatoka na maji. Mwezi wa Juni huo, mvua zimeshakata, nje jua linawaka.

Kijana huyu kajinyima miaka mitatu. Kanunua Hiace kuukuu iliyokuwa daladala, kang'oa viti ili alifanye chumba cha kulala safarini, kafanya kazi kila Ijumaa baada ya sala na kila Jumapili, kwa mikono yake. Kuta zote kazipulizia lile povu la kopo. Juu ya povu katandaza nailoni, juu ya nailoni kapigilia MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa, juu ya MDF karatasi ya ukuta yenye sura ya mbao nyeupe. Kitanda ni sanduku la chipbodi lililozibwa pande zote, na godoro la sponji juu. Siku ya kwanza lilikuwa zuri, nasema kweli, picha zake niliwaonesha watu kwa fahari. Umepita msimu mmoja wa masika, karatasi imetoa malengelenge, kuvu ya kijani imetambaa kutoka kona ya dirisha mpaka kwenye mto, bawaba hazifunguki kwa kutu, na chini ya nailoni bati la sakafu limeanza kuliwa.

Alifuata vidio ya mume na mke waliotengeneza gari lao Kanada. Aliifuata hatua kwa hatua na hakukosea hata moja, na hilo ndilo linaloniuma. Hakufanya uvivu wala hakununua vitu hafifu. Alifanya kazi sahihi ya nchi nyingine.

Kanada adui ni baridi. Watu wawili wakilala ndani ya bati kwenye theluji, pumzi zao zinagonga chuma kilichopoa na kugeuka maji, na maji yanaganda. Lazima wazibe. Povu, nailoni, ubao, kila tabaka lina sababu yake, na mtu wa kule asipoziba atalala kwenye barafu. Sawa. Sisi hapa unyevu uko hewani tangu alfajiri, hatuupumui tu sisi kutoka vinywani mwetu. Unaingia kila ukifungua mlango. Unaingia kwenye mpira wa dirisha uliochoka. Usiku bati linapoa, umande unalikalia upande wa ndani, na kama nyuma ya ubao hakuna njia ya hewa, maji yale yatabaki pale mpaka mwakani. Kuna na chumvi. Laza gari usiku mmoja pwani ya Paje au Vumawimbi, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo kisha ulambe. Hiyo hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kila skrubu.

Haya si mambo mapya kwetu. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapitisha unyevu: ukuta unalowa wakati wa masika na unakauka inapovuma kaskazi. Kisha watu wakaona chokaa ni ushamba, wakapiga plasta ya saruji juu yake. Maji yakafungiwa ndani, chumvi ikala jiwe, na leo unapita kichochoroni unaona plasta imevimba kama jipu, ikianguka inaondoka na ukuta wake. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na mafundi wa kuhifadhi majengo wamesema mpaka wamechoka: rudisheni chokaa, ukuta uache upumue. Nilipokuwa nimekaa ndani ya gari la mtoto wetu nilikuwa nauona ukuta uleule, kosa lilelile, safari hii lina magurudumu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na ninaisema popote nikiulizwa: kila unachokiingiza ndani ya gari kiweze kutoka, kianikwe juani, kirudi, kabla ya adhana ya alasiri. Dari, kitanda, mito, zulia, mapazia, vyote. Kisichoanikika kisiingie.

Gari letu sisi tulilitengeneza kwa sababu ya Idi. Kwetu ni Wete, Pemba, na sikukuu nyumba ya mama inajaa mpaka watu wanalala ukumbini. Tukaona tuvuke na chumba chetu. Tunashuka nalo bandari ya Mkoani, tunapanda vilima vyote vile mpaka nyumbani, usiku tunaliegesha chini ya mwembe uani, na siku ya tatu ya Idi tunakwenda kulala pwani na watoto. Pemba mvua ni nyingi kuliko Unguja, kwa hiyo kama ndani ya gari kuna kosa, Pemba italifichua mapema.

Mume wangu kwanza alitaka dari ya ngozi bandia, ile ya kushonwa vitobwe. Mimi nikakumbuka gari za shamba za utoto wetu. Nani aliziunda zile? Maseremala wetu wenyewe, bodi nzima ya mbao juu ya chesisi ya lori, mabenchi ubavuni, ubavu wazi, na turubali la kuteremsha mvua ikija. Ulikuwa unabanwa na matenga ya mihogo na bado unapata upepo usoni. Tulikuwa na ufundi wa ndani ya gari kabla hatujaona vidio yoyote, na tumeuacha kana kwamba haukuwahi kuwapo.

Dari yetu ni mkeka. Mkeka wa ukindu, majani ya mkindu, wa Pemba, mwekundu wa damu ya mzee na zambarau na rangi ya asili ya jani. Kwenye mbavu za dari tumefunga fito nyembamba za mbao, na mkeka umefungwa kwenye fito kwa uzi, vidole viwili chini ya bati, hewa inapita katikati. Ukikata nyuzi kumi na mbili unateremka wote. Mara moja kwa mwezi nauteremsha, naukung'uta, nautandaza juani, kabla ya alasiri naurudisha. Huu ni mwaka wa nne na haujaingia kuvu hata pahala padogo. Na usiku ukiwasha taa ndogo ya pembeni, mistari ya ule msuko inatoa vivuli juu yako. Wageni wakilala garini asubuhi wanaizungumzia dari kwanza.

Lazima niseme habari ya aliyeusuka. Ni bibi mmoja wa karibu na Wete, na nilikwenda kwake mara tatu kabla haujakamilika. Ukindu wake ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa chenye maji ili usikatike. Alichomoa jani moja, akalichana kwa kucha ya kidole gumba bila kuliangalia, mara mbili, mara tatu, mpaka likawa jembamba kama uzi mnene, akalitia kwenye shupatu, ule ukanda mrefu wa msuko, na vidole vikaendelea huku anaongea nami habari za mjukuu wake anayeingia skuli. Ncha za vidole vyake vya shahada zimepasuka mistari, na rangi imeingia kwenye mistari ile haitoki. Shupatu lilikuwa limeviringishwa kama gurudumu kubwa pembeni yake. Nilimuuliza ameanza lini. Akasema mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Tulikuwa mfunguo nne.

Sasa niambieni. Siku moja nilikuwa sokoni Chake Chake, akasimama mtu mzima, ana gari jipya, akaulizia mkeka kama ule. Muuzaji akataja bei. Yule mtu akakata nusu yake, akasema, "Majani tu haya." Akarudia: majani tu. Na muuzaji, mama wa makamo, akainamisha uso akaanza kuukunja mkeka. Mtu yuleyule akiingia dukani kununua ngozi bandia ya mita anauliza bei na kulipa. Plastiki inapewa heshima, na miezi mitatu ya macho ya mtu inaitwa majani. Nimekasirika siku ile na hasira haijanitoka. Tukiendelea hivi, mabibi hawa watakufa na mabinti zao hawatashika ukindu, na wala sitawalaumu mabinti. Kisha tutakaa tununue mikeka ya plastiki yenye picha ya msuko wa bibi zetu, na tutalipa bila kuomba kupunguziwa.

Kitanda nacho ni cha kwetu. Fremu yake, mifumbati na vitakizo, ni ya mbao ya mfenesi, matendegu mafupi ili mizigo ipite chini, na kimewambwa kwa kamba ya makumbi ya nazi. Makumbi yale yamefukiwa pwani miezi kadhaa, yamepondwa na kina mama, yamesokotwa kwa viganja. Kamba iliyokwisha kukaa kwenye maji ya chumvi muda wote huo haiogopi tena umande wa baharini. Mzee wa mtaani alikuja asubuhi akakaa barazani, akawamba mpaka adhuhuri. Kamba hulegea mwezi wa kwanza, unaikaza, basi. Juu yake ni godoro la usufi ndani ya kitambaa cha pamba. Ukilala, upepo unapita chini yako na unausikia mgongoni. Wale waliokuwapo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya kiza umeme wa chini ya bahari ulipokatika, wanajua maana ya kulala bila feni. Mimi kipindi kile nililala kwenye kitanda cha kamba cha bibi yangu, na dada zangu waliokuwa na vitanda vya mbao na sponji walikuwa wanateremka sakafuni usiku wa manane.

Nitakubali mawili matatu, kwa shida. Juu ya kichwa, bati la dari saa saba mchana linawaka, na pale kizuizi cha joto kinahitajika. Sisi tumepaka paa rangi nyeupe na kubandika karatasi nene ya foili kwenye bati la dari peke yake, kuta tumeziacha. Sakafuni tumeweka zulia la plastiki kwa sababu mchanga unaukata mkeka, ila halikugundishwa, linaviringishwa na kutoka. Mama ana mgongo mbaya, ana kigodoro chake cha sponji. Na ukindu unashika moto, hilo ni kweli kabisa, kwa hiyo jiko letu linapika nje, chini ya turubali. Anayetaka kupikia ndani atoboe tundu la hewa chini kabisa sakafuni, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini. Fyuzi iwe karibu na betri. Skrubu ziwe za stenlesi, usihadaike na zile zilizopakwa rangi ya dhahabu. Madirisha mawili yanayotazamana, na wavu wa mbu. Mapazia yetu ni kanga, zinafuliwa na nguo nyingine.

Jumamosi tulishinda Jang'ombe tukibandua. Tulipoichana nailoni kwa chini, maji yalimwagika kwenye miguu yetu. Povu tumelikwangua kwa kisu cha rangi, chini yake kutu, brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, mpaka magharibi. Alikuwa hasemi sana. MDF zote tulizipanga ukutani nje na akawa anazitazama. Nikampa simu aongee na yule bibi wa Wete mwenyewe, sikutaka kuwa dalali kati yao. Akamsalimu, akamuuliza bei, akaikubali kama ilivyotajwa. Bibi akamuuliza upana wa dari. Akaanza kutafuta futi ya chuma kwenye sanduku la vifaa, bibi akasema hataki mita, anataka shibiri.

Akaweka simu juu ya tairi, akapanda ndani, akaunyosha mkono kwenye bati tupu la dari na kuanza kupima kutoka ukuta mpaka ukuta, anahesabu kwa sauti ili asikike kwenye simu. Moja. Mbili. Saba, na vidole vinne.

"Nitakufanyia nane," bibi akasema, "huo uliozidi ukunje pindo. Ukindu unaanikwa kesho."