Somo la programu kwa anayeanza: kurefusha si kurahisisha

"Fungua terminal tu, kisha andika amri hii." Sentensi ya namna hii imejaa kwenye masomo ya kompyuta yanayosambazwa kwa Kiswahili, na hilo neno "tu" ndilo linalofukuza watu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, ameketi steshenari ya Mwenge, Dar es Salaam, na laptopu ya kuazima, hajui hiyo terminal, kidirisha cheusi cha kuandikia amri, inakaa wapi. Sasa ameambiwa kwamba asichokijua ni kitu kidogo ambacho kila mtu anakijua. Hawezi hata kuuliza.

Waandishi wa masomo haya wamegawanyika. Wapo wanaotaka kila kitu kielezwe, kila kitufe kipigwe picha, kila neno litafsiriwe. Wapo wanaosema ukimtafunia mtu kila tonge hatajifunza kutafuna: akifika kazini atakutana na nyaraka za Kiingereza zisizo na picha hata moja, naye atakwama. Kila upande una hoja ya kweli. Tatizo ni kwamba wanabishania urefu wa somo, wakati anayeanza hakwamishwi na urefu wala ufupi.

Tazama somo la kwanza la Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye Windows, maana wengi huishia hapo. Kwa kawaida huwa na mistari mitatu: pakua, sakinisha, endesha. Kwenye kisakinishi kilichozoeleka, chini kabisa ya dirisha la kwanza, kuna kiboksi kilichoandikwa "Add python.exe to PATH", nacho huja bila tiki. Anayeanza anabofya "Install Now" kwa kuwa ndiyo maandishi yanayoonekana zaidi. Usakinishaji unakwisha salama, anapongezwa. Anafungua kidirisha cheusi, anaandika python --version, na Windows inamjibu kwamba Python haikupatikana, akaichukue Microsoft Store. Na ametoka kuisakinisha dakika mbili zilizopita!

Sababu yake inaelezeka kwa sentensi mbili. PATH ni orodha ya folda ambazo Windows huzipekua kila unapoandika jina la programu, na folda ya Python haimo kwenye orodha hiyo. Kwa upande mwingine, Windows 10 na 11 huja na python.exe ya kiinimacho ambayo kazi yake ni kukuelekeza dukani tu, ndiyo maana jibu linakuja la ajabu vile. Dawa ni kufungua tena kisakinishi, kuchagua "Modify", kubofya "Next", na kuweka tiki kwenye "Add Python to environment variables". Kisha funga kidirisha cheusi ufungue kingine kipya. Hatua hii ya mwisho husahauliwa mno: kidirisha huisoma PATH kinapofunguliwa, kwa hiyo cha zamani kitaendelea kung'ang'ania jibu lake la zamani na mwanafunzi atadhani dawa imeshindwa.

Hapo upande wa kwanza utasema: si mnaona, maelezo yanahitajika. Kweli. Lakini maelezo hayo hayana faida yakiwekwa mwanzoni, kama mhadhara kuhusu PATH kabla mtu hajagusa chochote. Katika miaka ya 1980 John Carroll, mtafiti wa IBM, aliwachunguza watu wa ofisini wakijifunza programu za kuandikia. Aliona hawasomi vitabu vya maelekezo. Wanarukia kazi, wanakosea, halafu wanahangaika kurudi walikotoka. Vitabu vifupi, vyenye kazi halisi na maelekezo ya kujinasua, viliwafaa kuliko vile vinene. Ukichunguza, ushahidi huo unawabana wote wawili: mwenye kurefusha anaambiwa apunguze, na mwenye kufupisha anaambiwa asifute njia ya kujinasua, ambayo ndiyo huwa ya kwanza kufutwa.

Kwa hiyo kila hatua ipewe mistari miwili. Wa kwanza: unapaswa kuona nini. "Andika python --version, bonyeza Enter, itatokea Python na namba ya toleo." Wa pili: ukiona kingine, fanya nini. Si lazima kutaja makosa ishirini. Kwa somo kama hilo matatu yanatosha: Python kutopatikana, faili kuhifadhiwa na Notepad kama habari.py.txt huku Windows ikificha ile .txt ya mwisho (dawa ni kuchagua "All files" wakati wa kuhifadhi). Na alama za kunukuu zilizopinda.

Hili la alama linastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapa kwetu masomo husafiri kwa WhatsApp. Mwalimu akiandika msimbo (code, yaani mistari ya programu) kwenye Word au kwenye iPhone, alama nyoofu za kunukuu hugeuzwa kuwa zilizopinda. Mwanafunzi ananakili print(“Habari”) na anapata ujumbe wa kosa, SyntaxError: invalid character '“' (U+201C). Kwa jicho la kawaida mstari hauna kasoro. WhatsApp nayo hutumia nyota na mstari wa chini kama alama za kukoleza na kulaza herufi, kwa hiyo vipande vya msimbo vinaweza kupotea njiani. Tuma faili lenyewe la .py, au zungushia msimbo alama tatu za ``` kila upande.

Upande wa pili una hoja nyingine ambayo wapenda picha huikwepa: uchakavu. Kila picha ya skrini ni deni. Python 3.14 ilipotoka Oktoba 2025, ilikuja na njia mpya ya kuisakinisha kwenye Windows, na kisakinishi kile cha zamani kimeshatangazwa kuwa kitaondolewa. Somo lenye picha 15 za dirisha la zamani litageuka mtego, na linapotosha zaidi kuliko somo lisilo na picha kabisa. Maandishi unayarekebisha kwa dakika tano. Picha lazima utafute mashine, usakinishe upya, upige, ukate, upakie. Bakiza picha mahali ambapo maneno yanashindwa kuonyesha, kama kile kiboksi cha tiki, na uikate ibaki sehemu hiyo peke yake. Picha ya skrini nzima ikifunguliwa kwenye simu haisomeki. Msimbo usiwe picha kamwe: haunakiliki, na programu inayomsomea asiyeona haitauona.

Juu kabisa ya somo pawe na mstari unaosema limejaribiwa lini, kwenye Windows ipi, kwa toleo lipi. Kwa Dar huo si urembo. Laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa na Windows 7 inaishia Python 3.8, na mwenye Windows 8.1 hatasakinisha 3.13. Bila mstari huo mtu anateketeza bando kupakua kitu kitakachomkatalia.

Kuhusu bando, ubishi wa video na maandishi huamuliwa na hesabu. Video inayotiririka kwa megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa. Ukurasa wenye maandishi na picha 10 za kilobaiti 100 kila moja hauzidi sana megabaiti 1. Video ina faida moja kubwa, inaonyesha mkono unakwenda wapi, na ubaya wake ni kwamba aliyekwama dakika ya 23 lazima airudishe nyuma, na kila kurudisha kunaweza kula bando tena. Video ya dakika mbili kwa hatua ngumu moja, na mengine yote kwa maandishi, hiyo naiona haki kwa mfuko wa mwanafunzi.

Lugha ndipo mabishano yanapokuwa makali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba lugha inatosha. Hata hivyo, ingia steshenari uitakayo leo, menyu utakazokuta ni za Kiingereza. Sasa somo likimwambia mtu abofye "Hifadhi" wakati skrini yake imeandikwa "Save", tafsiri imemwongezea kazi badala ya kumpunguzia. Maneno ya skrini yaachwe kama yanavyoonekana, maelezo yote yawe ya Kiswahili. Na yawe Kiswahili cha watu. Kompyuta inaeleweka, tarakilishi na ngamizi humlazimu msomaji kusimama kwanza. Na "kuandika kodi", kwa mji huu, mtu anaweza kudhani unazungumzia TRA au mwenye nyumba, kwa hiyo "msimbo" si mbaya.

Kiswahili kina faida nyingine ambayo haitajwi sana. Tazama mistari hii:

bei_zote = [2800, 3000, 3200]
jumla = 0
for bei in bei_zote:
    jumla = jumla + bei
print(jumla)

Mwanafunzi anaona mara moja kwamba for, in na print ni mali ya Python, na bei, bei_zote na jumla ni majina aliyoyabuni mwenyewe, angeweza kuyaita vinginevyo. Kwenye mfano wa Kiingereza mpaka huo hauonekani: price, total na print yote yanafanana, naye anaishia kukariri kwamba "total" ni amri. Wanaopinga wanasema timu za kazi huandika majina kwa Kiingereza. Ni kweli, na kuyabadilisha baadaye ni kazi ya siku moja. Kutenganisha amri na jina ni kazi ya wiki kadhaa.

Somo likiisha kuandikwa lijaribiwe, na hapa adabu yetu inatuponza. Ukiuliza "mmeelewa?", utajibiwa "ndiyo mwalimu", hata kama hakuna aliyeelewa. Usiulize. Mtafute mtu asiyejua, mpe kompyuta ambayo haijawahi kuwekwa Python, nyamaza dakika 45, andika kila mahali mkono wake unaposimama. Watu watano wanatosha kwa raundi moja. Kazi ngumu kuliko zote ni kutomsaidia.

Je, hoja ya kutafuniwa imekwisha? Bado. Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao walionyesha katika makala yao ya 2003 kwamba mwongozo unaomsaidia anayeanza huweza kugeuka mzigo kwa aliyekwisha kupata ujuzi. Kwa hiyo msaada uondolewe kidogo kidogo. Somo la kwanza lifanyike ndani ya Thonny, programu ya kuandikia na kuendeshea msimbo, ambayo huja na Python yake na kumwepusha mtu na PATH. Kidirisha cheusi kije somo la tano, akiwa tayari ana kitu cha kuendesha. Kuhifadhi faili kuelezwe kwa mistari tisa mwanzoni, kwa mstari mmoja somo la nne, kisha libaki neno "hifadhi". Kufika somo la nane, mpe ule msimbo wa bei ukiwa hauna mstari wake wa kwanza, na mpe jibu la Python peke yake: NameError: name 'bei_zote' is not defined. Suluhisho lisubiri somo la tisa.