Kupoza dunia: swali la jinsia lina uzito wapi?

Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, ulirusha angani takriban tani milioni 15 za gesi ya salfa dioksidi, inayogeuka chembe zinazozuia jua, na wastani wa joto la dunia ukashuka kwa karibu nusu digrii kwa muda. Ndio mfano unaotajwa sana na wanaotaka tufanye hivyo kwa makusudi: ndege zipande juu, zimwage chembe, sehemu ya mwanga wa jua irudi ilikotoka.

Baadhi ya wanazuoni wa ufeministi wanaona hapa ubabe wa kale. Wengi waliotangulia kuusukuma mjadala huu ni wanaume wa nchi tajiri, na dunia wanaisema kama mtambo ulioharibika. Hoja hii hainishibishi. Ikivutwa mbali inadai kwamba mwanamke amezaliwa mlezi wa ardhi, na dai hilo limemnufaisha nani? Tena wapo wanawake wanaotaka utafiti uendelee. Inés Camilloni, mtaalamu wa tabianchi wa Argentina, kwa mfano, amechunguza mito ya nchi za kwao ingeathirikaje na upozaji huo.

Uzito uko kwenye mzigo. Wastani wa dunia ukishuka, mvua haishuki sawia. Inaweza kupungua mahali fulani hata kama joto limetulia. Kisima kikikauka, katika jamii nyingi ni mwanamke na binti yake wanaoongeza kilomita za kutembea. Na mpango ukianza kisha ukakatizwa ghafla, joto lililozuiwa litarudi kwa kasi. Hesabu ya digrii haimwoni mwanamke huyo na binti yake.

Ila upande wa pili nao una la kusema: wanawake haohao wanaumia sasa kwa ukame, bila ndege hata moja kupaa. Kukataa hata kuchunguza nako ni kuwaamulia.

Mwaka 2021 jaribio la Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu upozaji huu, lililopangwa huko Kiruna, Sweden, lilisitishwa baada ya kupingwa na Baraza la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya. Lilikuwa la kupima puto na vifaa tu, bila kumwaga chochote. Wengine waliona pingamizi hilo limepitiliza. Mimi naona Wasami walidai kuulizwa kabla, na ndicho hasa wafeministi wanachokidai. Lakini waulizwe na nani? Februari 2024, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, nchi zilishindwa kukubaliana hata juu ya kuunda jopo la wataalamu wa kulichunguza suala hili.