Redio za Marekani: nafasi imetangazwa, lakini nani kaipata?

Anayejua kimemo ni kitu gani hahitaji maelezo marefu kuhusu kanuni hii. Nchini Marekani, kituo cha redio au televisheni chenye wafanyakazi 5 au zaidi wa muda wote, yaani wa saa 30 au zaidi kwa wiki, hakiruhusiwi kuajiri kwa kunong'onezana. Tume ya Mawasiliano, FCC, inakitaka kitangaze kila nafasi kwa upana, kiviarifu vikundi vilivyoomba kuarifiwa, na kijitokeze kwenye mambo kama maonyesho ya ajira au kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Kila mwaka kituo huandika ripoti: nafasi zipi zimejazwa, zilitangazwa wapi, kila chanzo kimeleta wasailiwa wangapi, na aliyepata kazi alitokea chanzo gani. Kila mwaka pia kama vituo 5 katika kila 100 huchaguliwa kwa bahati nasibu vikaguliwe. Pitia ripoti hiyo mstari kwa mstari, hutakuta panapoulizwa kama aliyeajiriwa ni mweusi au mweupe, mwanamke au mwanamume.

Ajabu, maana kanuni ilizaliwa kwa sababu ya rangi. Televisheni ya WLBT ya Jackson, Mississippi, ilipoteza leseni mahakamani mwaka 1969, baada ya kanisa la United Church of Christ na wakazi weusi kulalamikia ubaguzi wake hewani. Mwaka huohuo FCC ikapiga marufuku ubaguzi katika ajira za vituo. Waliokabidhiwa WLBT kwa muda walimweka William Dilday, mtu mweusi, kuwa meneja mkuu mwaka 1972.

Baadaye tume ikawa inalinganisha sura ya wafanyakazi na sura ya wakazi wa eneo. Mwaka 1998 Kanisa la Kilutheri la Sinodi ya Missouri, lenye redio za KFUO, likashinda kesi: mahakama ya rufaa ya Washington ilisema ulinganishaji huo unamsukuma mwajiri achague kwa rangi. Kanuni mpya ya tume nayo ikaanguka mahakamani 2001. Ya 2002, inayotumika hadi leo, ikabaki na marufuku ya ubaguzi na wajibu wa kutangaza kazi na kujitokeza, bila ulinganishaji.

Wenye vituo hulalamika kwamba ni makaratasi matupu, nami kwa sehemu nakubali. Chukua redio ya mji mdogo, watu 7. Muuza matangazo kaacha kazi Ijumaa, na kila wiki bila yeye ni hasara. Meneja akimchukua kijana hodari anayemfahamu bila kutangaza, ana kosa. Jirani yake akitangaza kila mahali, akasaili watu 9, kisha akampa shemeji yake, jalada lake ni safi. Tena kabla ya 2017 hata kutangaza mtandaoni pekee hakukutosha.

Hata hivyo nisingeifuta. Kazi isiyotangazwa humfikia aliye karibu na bosi, na vituo vilivyojaa watu wa aina moja vitajuana hivyohivyo vizazi na vizazi. Tangazo angalau humpa asiyejuana na mtu nafasi ya kugonga mlango.

Kilichobaki ni hesabu. Fomu ya 395-B, inayoorodhesha wafanyakazi kwa rangi na jinsia, ilisimamishwa 2001. Februari 2024 FCC iliirudisha kwa kura 3 dhidi ya 2, na takwimu za kila kituo zianikwe hadharani. Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Mkoa wa Tano ikaibatilisha, ikisema tume imevuka mamlaka yake. Hofu ya wenye vituo ilikuwa na msingi: ukitaja kituo kwa jina na hesabu yake, wanaharakati watakitia presha ileile iliyokatazwa 1998. Lakini mtu angeweza kukusanya jumla ya sekta nzima bila kutaja kituo, na sioni nani angeumia. Sasa FCC inajua tangazo la kazi lilibandikwa wapi, ila haina hesabu yake ya walioajiriwa.