Nafasi ya Mtoto Kwenye Foleni Isiuzwe

Watu wa Nairobi wanajua kungoja. Anayebisha hajasimama stejini saa kumi na mbili jioni mvua ikinyesha, nauli ikipanda kila matatu inapofika na mstari uko palepale. Wala hakuona foleni za tarehe 9 Agosti 2022, wazee kwa vijana wakifika vituoni gizani, wamejifunga shuka kwa baridi, ili wapige kura mapema. Kwa hiyo nikisikia watu wakibishana kuhusu dakika ambazo mtu anaweza kuvumilia kwenye foleni ya bembea za bustani za burudani, liwe gurudumu kubwa au rolakosta, kile kigari cha relini kinachopanda na kushuka kwa kasi, naona wanahesabu dakika kabla ya kumtazama anayengoja. Atakayesimama muda mrefu kuliko wote ni yule asiye na siku nyingine ya kurudi.

Chukua tarehe 26 Desemba, au siku ya Idi. Mama anatoka Kayole na watoto watatu, wamevaa nguo za sikukuu. Wanapanda matatu hadi mjini, wanapanda nyingine ya kwenda Ruaka, nauli zote mbili zimepandishwa kwa sababu ya msimu, na wanashukia Two Rivers, kwenye maduka yenye bustani ya burudani, saa sita mchana jua likiwa kali. Mdogo ameliona lile gurudumu kubwa tangu barabarani na hajanyamaza. Mama ameweka pesa za siku hii kidogo kidogo tangu shule zifunguliwe muhula wa tatu. Sasa mwambie kwamba foleni ni ya saa moja na nusu. Ataondoka aende wapi? Atasimama. Angeambiwa saa mbili, angesimama vilevile, akimbeba mdogo mgongoni na kumtuma mkubwa akanunue maji.

Kwenye foleni hiyohiyo kuna familia iliyokuja kwa gari kutoka Runda, dakika chache tu. Wao wakiona mstari umejipinda mpaka kwenye maegesho, wanakwenda kula aiskrimu na kurudi Jumanne, siku ambayo bembea zinazunguka nusu zikiwa tupu. Siwalaumu hata kidogo, wamefanya jambo la busara. Lakini ukipima subira ya wateja kwa saa ya ukutani, utaandika kwamba yule mama ana subira nyingi na hawa hawana, na utakuwa umekosea kabisa. Yeye amefungwa na nauli, na likizo, na ahadi aliyowapa watoto.

Ndivyo ilivyo hata huko kunakosifiwa kwa bustani kubwa. Tarehe 13 Juni 2019, bustani ya Universal ilipofungua rolakosta ya Hagrid, mhusika wa hadithi za Harry Potter, kule Orlando, Florida, muda wa kungoja ulifika saa kumi nzima. Saa kumi, kwa safari ya dakika chache! Wengi wetu tungecheka, lakini mfikirie mtu aliyeruka kwa ndege, amelipia hoteli na tikiti ya mlangoni, na hajui kama maishani atafika Florida tena. Yule mama wa Kayole na mgeni wa Orlando wanaelewana vizuri kuliko wanavyoelewana na majirani zao.

Tofauti yao ni kwamba yule wa Orlando aliambiwa. Kule muda wa kungoja huandikwa kwenye ubao mlangoni mwa foleni, na mtu huamua akiwa na habari mkononi. Hapa kwetu, mahali pengi nilipopeleka watoto, hakuna anayekuambia chochote. Unaingia tu nyuma ya mgongo wa mtu. Stima ikipotea, gurudumu linasimama na watu wakining'inia juu, kijana wa mlangoni anafunga mnyororo na kwenda kusimama kivulini, na nyinyi mlio chini mnabaki kuulizana. Jenereta inawaka baada ya muda, mnyororo unafunguliwa, na hakuna aliyesema pole.

David Maister, mtaalamu wa usimamizi wa biashara, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1985, katika makala yake kuhusu saikolojia ya foleni, na kila nikiingia kwenye mstari namkumbuka. Alisema kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kunakojulikana. Kungoja bila kuelezwa sababu huonekana kurefu kuliko kunakoelezwa. Na kungoja kwenye foleni isiyo ya haki huonekana kurefu kuliko kwenye foleni ya haki. Alisema pia kwamba kadiri kitu kinavyothaminiwa ndivyo mtu anavyokubali kukingojea kwa muda mrefu. Hilo la mwisho wenye biashara hulishika haraka sana, wakasahau yale matatu ya kwanza.

Na kumwambia mtu muda si kazi ya kompyuta. Kuna kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, na hesabu yake inafanyika kwa chaki. Tuseme bembea inabeba watu 16, na tangu wanapopanda hadi wenzao wanapopanda ni dakika 4. Kwa saa moja ni mizunguko 15, yaani watu 240. Kama mbele yako kuna watu 120, utapanda baada ya nusu saa. Basi. Mwenye bembea anaweza kupiga alama sakafuni na kuandika ubaoni: ukifika hapa, dakika 30, ukifika pale kwenye mti, dakika 60. Bustani za Disney zimewahi kutumia njia nyepesi hivyohivyo: mfanyakazi alimpa mgeni mmoja kadi alipoingia kwenye foleni, naye aliirudisha alipofika mbele, na muda uliopita ukajulikana bila kubahatisha. Kadi moja na mtu mmoja wa kuipokea. Sioni ni bustani gani ya Nairobi itakayoshindwa na hilo.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Kuna wazo linalozidi kupendwa, kwamba dawa ya foleni ni kuuza njia ya mkato: lipa zaidi, upite mlango wa pembeni. Wanaolitetea hutaja Marekani kama mfano, kwa hiyo tuitazame Marekani yenyewe. Disney walipoanzisha FastPass mwaka 1999, ilikuwa bure kwa kila aliyelipa kiingilio. Ulichukua karatasi yenye saa ya kurudi, ukaenda kula au kupanda kitu kingine, ukarudi saa yako ikifika. Tajiri na asiye tajiri walichukua karatasi ileile. Oktoba 2021 ikaletwa huduma ya kulipia mahali pake, kule Florida ikianza na dola 15 kwa mtu kwa siku. Mwaka 2024 ikaongezwa tikiti ya juu zaidi ambayo siku za msongamano inazidi dola 400 kwa mtu mmoja, na hiyo ni juu ya kiingilio. Miaka 25 tu, na kilichokuwa haki ya kila mgeni kikawa bidhaa.

Rudi kwenye bembea yetu ya watu 240 kwa saa uone bidhaa hiyo inatengenezwa kwa kitu gani. Uza nafasi 160 za kila saa kwa wanaopita mlango wa pembeni. Foleni ya kawaida imebaki na nafasi 80. Wale watu 120 ambao wangemalizika kwa nusu saa sasa watamalizika kwa saa moja na nusu. Bembea haijaongeza kasi, haijaongeza kiti hata kimoja. Saa nzima imetolewa kwa waliobaki nyuma, ikauziwa waliopita mbele, na pesa zimeingia kwa mtu wa tatu ambaye hakungoja hata dakika. Na nani amebaki nyuma? Ni yuleyule mama, maana ndiye asiyeweza kulipa mara mbili wala kurudi Jumanne.

Najua nitaambiwa kwamba ndege ina daraja la kwanza na hospitali ina vyumba vya kulipia. Lakini abiria wa daraja la kwanza hakuchelewishi wewe uliye nyuma. Mnatua dakika moja. Nafasi ya foleni ni kitu kingine. Siwezi kupewa ya mbele bila mwingine kusukumwa nyuma.

Nitaambiwa pia kwamba kuendesha bembea Nairobi ni gharama. Hilo nalikubali bila ubishi. Vipuri vinaagizwa nje, bili ya stima haina huruma, na katikati ya wiki wakati wa masomo mtu anazungusha viti vitupu. Anayetaka pesa zaidi siku ya Krismasi na apandishe bei ya siku hiyo waziwazi, ibandikwe mlangoni wiki mbili kabla, na apunguze ya asubuhi ili wengine waje mapema. Bei ya wazi inamwachia mzazi uamuzi akiwa bado nyumbani. Njia ya pembeni inamnyang'anya muda akiwa ameshafika, ameshalipa na hawezi kurudishiwa.

Kwa hapa kwetu kuna sababu nyingine ya kuogopa mlango wa pembeni. Sisi ni nchi iliyoteua wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo, kwa milolongo mwaka 1988, wapiga kura wakijipanga nyuma ya wanayemtaka, na waliokuwepo bado wanasimulia jinsi aliyekuwa na mstari mfupi alivyotangazwa mshindi mbele ya watu waliokuwa wakihesabu kwa macho yao. Imani yetu kwa foleni ilijeruhiwa zamani, na kila ofisi yenye kitu kidogo imeitonesha. Hata bila tikiti ya kulipia, nimewahi kuona kwenye bustani moja ya watoto baba akimsalimia kijana wa mlangoni kwa mkono uliokunjwa noti, na watoto wake wawili wakapitishwa chini ya mnyororo. Msichana wa miaka kama saba aliyekuwa mbele kabisa akamgeukia bibi yake: "Nyanya, hao si wametupata hapa?" Bibi akamjibu, "Nyamaza mwanangu, zamu yetu inakuja." Sikupenda jibu hilo. Nilitamani bibi apige kelele, na mimi ningemuunga mkono.

Ukiihalalisha noti hiyo kwa risiti na mkanda wa rangi ya dhahabu mkononi, mtoto yule ameona kitu gani tofauti?

Na usifikiri kwamba hatuwezi kufanya vizuri zaidi. Huduma Centre zilipoanza mwaka 2013, watu waliozoea kusukumana kwenye madirisha ya serikali walipewa nambari, wakaketi, wakangoja kuitwa. Walioona ofisi za kabla ya hapo hawakuamini. Nambari hiyo ndiyo FastPass ya 1999, na inaweza kutolewa kwenye bembea yoyote: kipande cha karatasi chenye mhuri na saa, au ujumbe wa simu, sawa kwa kila mtu. "Rudi saa nane na nusu." Mama akaketi kivulini na watoto, wakala chapati zao, akanunua soda mbili pale kibandani. Mwenye bustani amepata mauzo ambayo asingepata watu wakiwa wamebanwa kwenye mstari. Nashangaa hilo haliwavutii zaidi.

Kuna mambo mengine mawili madogo ambayo ningeanza nayo hata kesho. La kwanza ni kijiti cha kupimia urefu. Kiwekwe mwanzo wa foleni, si mwisho. Nimemwona mtoto aliyesimama muda wote na kaka zake, akafika mbele akiruka kwa furaha, kijana wa mlangoni akamsimamisha kwenye ule mstari mwekundu na kusema, "Mama, huyu hafiki, mtoe." Mama yake akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kijana wangu, mbona hukutuambia tukiwa kule nyuma?" Kijana hakuwa na jibu, kwa sababu alipewa kijiti na mahali pa kukisimamisha. Usalama ni lazima na urefu hauna mjadala. Kilichohitajika ni kukihamisha hatua hamsini.

La pili ni la wazazi wenye watoto wachanga. Bustani nyingi kubwa za nje humruhusu mzazi mmoja apande na wakubwa huku mwenzake akibaki na mchanga karibu na mlango, kisha wanabadilishana bila wa pili kurudi mwisho wa foleni. Hiyo ndiyo njia ya pembeni pekee ninayoikubali, kwa kuwa familia yote imeshangoja pamoja na haimpiti mtu aliyekuwa mbele yake. Haihitaji mashine. Inahitaji meneja amwambie kijana wake wa mlangoni asubuhi, kabla ya kufungua, kwamba inaruhusiwa, na iandikwe kwenye ubao uleule wa dakika ili mzazi asilazimike kuombaomba.