Saa 150 za kutazamwa

Wiki iliyopita kaka mmoja tuliyesoma naye diploma alinipigia simu. Anataka kwenda kusoma shahada ya uzamili ya fiziotherapia ya mifupa na misuli, na amepata nafasi vyuo viwili. Kimoja ni cha bei nafuu, masomo karibu yote mtandaoni. Kingine ni ghali, na lazima ahame. "Nichague kipi?" Nikamuuliza swali moja tu: huko unakokwenda, nani atakaa chumbani akutazame ukimtibu mgonjwa, na kwa saa ngapi? Hakujua. Vipeperushi vyote viwili havikugusia.

Kwangu mimi swali ni hilo, mengine mapambo.

Lipo shirikisho la kimataifa la wataalamu wa tiba ya kutumia mikono (kuchua na kusogeza viungo vya mgonjwa), IFOMPT, lililoundwa Montreal mwaka 1974. Viwango vyake vinataka anayesomea ubingwa huu apate angalau saa 150 za kutibu wagonjwa halisi mlezi akiwepo, yaani mtaalamu mzoefu wa kumtazama na kumsahihisha. Ukipiga hesabu, ni kama wiki nne za kazi. Mimi nilipozisikia, nikianza uzamili wangu, nilicheka kimoyomoyo. Nilikuwa na miaka sita wodini na kliniki, wiki nne zingeniongezea nini?

Ziliniacha uchi.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, mgongo unauma na maumivu yanashuka hadi unyayoni. Mlezi wangu, mama mfupi aliyekaribia kustaafu, alikaa kwenye kona na daftari lake, kimya. Nikamwamkia mgonjwa, nikamuuliza panapouma, nikamwambia alale kifudifudi. Dakika ya nne mikono yangu ilikuwa kiunoni mwake. Nilijiona fundi.

Alipotoka, mlezi akafunua daftari. "Akikohoa, maumivu yanafika mguuni?" Sikuuliza. "Anaweza kukaa kwa muda gani kabla ya kulazimika kusimama?" Sikuuliza. "Usiku anageuka bila shida?" Kimya. "Alianza kukueleza jinsi alivyoanguka, ukamkatiza. Sasa mwanangu, ulikuwa unatibu nini?"

Jambo hilo hakuna kitabu kingeweza kunifanyia. Kitabu hakikuoni ukimkatiza mgonjwa.

Somo lililofuata lilikuwa la kupima tena. Geoffrey Maitland, mtaalamu wa fiziotherapia wa Adelaide, Australia, alijenga mbinu yake yote juu ya jambo linaloonekana dogo: chagua mwendo mmoja unaomuuma mgonjwa, tibu kidogo, kisha mrudishe kwenye mwendo uleule uone kama umebadilika. Kama haujabadilika, dhana yako ni mbovu, tafuta nyingine. Sisi wengi tulizoea vingine: taa ya joto dakika 15, kuchua kidogo, karatasi ya mazoezi, "rudi Jumatano". Mgonjwa anakuja mara kumi na hakuna aliyejua kama mara ya kwanza ilisaidia.

Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand, naye alipata mbinu yake kwa kutazama tu. Mwaka 1956 mgonjwa mmoja mwenye maumivu ya mguu alilala kifudifudi kwenye kitanda kilichoachwa kimeinuliwa upande wa kichwa, mgongo ukakunjika kinyumenyume kwa dakika kadhaa. McKenzie aliporudi chumbani akashtuka, lakini mgonjwa akamwambia mguu umeacha kuuma. Mwingine angeshukuru Mungu akaendelea na ratiba. Yeye akajiuliza kwa nini, na akawajaribu wengine.

Najua pingamizi litakalokuja. Mikono imepitwa na wakati, ushahidi unasema mazoezi na elimu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Makala za jarida la Lancet za mwaka 2018 kuhusu maumivu ya kiuno zilisema wazi: mgonjwa aelezwe vizuri, aendelee kujongea, tupunguze picha zisizo na sababu, dawa za afyuni na upasuaji wa haraka. (Wanaotengeneza video za kuwaminya watu migongo mpaka ilie mitandaoni sina la kuwaambia, watazamaji wanao.) Lakini kumweleza mgonjwa vizuri ni ujuzi wa mkono vilevile, kwa maana ya kwamba unajifunza ukifanya huku mtu anakusahihisha. Nimewasikia wenzetu wakimwambia dereva wa bodaboda kwamba pingili zake zimesagika. Dereva huyo haendeshi tena, hainami tena, anaogopa mgongo wake mwenyewe. Sentensi moja imefanya hayo, na hakukuwa na mtu kwenye kona wa kuiandika daftarini.

Kubwa kuliko yote ni kujua wakati wa kuondoa mikono. Mgongo unaouma usiku kucha, homa za jioni, kukonda: huku kwetu lazima ufikirie kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi sehemu anayokalia na mkojo kukataa kutoka: huyo anakimbizwa hospitali leo, si kesho. Kila mwanafunzi anaijibu orodha hii kwenye mtihani. Kuikumbuka saa tisa alasiri, mgonjwa wa ishirini na tano yuko mbele yako na foleni iko nje, ni habari nyingine.

Mwaka 2020 ulimwenguni watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Lakini huku kwetu mtaalamu akipata uzamili, jambo la kwanza tunalofanya ni kumwondoa kwa wagonjwa. Mimi nilirudi nikapewa ofisi na ripoti za kila robo mwaka. Nilikaa miezi saba kabla ya kuomba kurudishwa kliniki, na bosi alidhani nimegombana na mtu.

Walezi ni wachache, sikatai. Ndiyo maana napenda walivyofanya Nairobi, pale KMTC, chuo cha serikali ya Kenya cha mafunzo ya tiba: stashahada ya juu ya tiba ya mikono ikifundishwa kwa awamu, na walimu wa kujitolea kutoka Marekani wakija kwa zamu. Ina mapungufu yake, mgeni huondoka. Lakini inaanzia kwenye kitanda cha mgonjwa, na waliohitimu wanaweza kuwa walezi wa wenzao. Ningependa kuona hospitali zetu za rufaa zikimtengea mtaalamu mmoja asubuhi mbili kwa wiki za kukaa kwenye kona na daftari, bila mgonjwa wake mwenyewe. Itaonekana kama uvivu. Mganga mkuu atauliza kwa nini amekaa.

Yule kaka ameviandikia vyuo vyote viwili kuuliza saa ni ngapi na mlezi ni nani. Kimoja kimeshamjibu. Kimemtumia mchanganuo wa ada.