Bahari Ndani ya Glasi

Mimi nimezaliwa Marangu, na kwetu pombe haina mafumbo. Mbege ni ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na magome machungu ya msesewe. Ikiwa tayari unapewa kata, unapiga mafunda mawili, unampa wa pembeni. Hakuna anayeinusa huku amefumba macho. Ukimwona mzee ananusa mbege kwa muda mrefu, ujue anamtilia shaka mwenye nyumba.

Kwa hiyo nilipohamia Brussels nikapata jirani wa ghorofa ya chini anayenusa bia dakika tano kabla ya kuimeza, nilidhani ana mafua.

Mzee huyu amestaafu na ugonjwa wake ni mmoja: lambic, bia chachu ya huku Ubelgiji. Siku aliponieleza inavyopikwa nilimkumbuka bibi yangu. Maji ya shayiri na ngano yanachemshwa, yanamwagwa kwenye beseni moja pana lisilo na kina, huko juu karibu na paa, yanaachwa yapoe usiku kucha, hewa ikipita. Ni kazi ya miezi ya baridi. Hamira haitiwi. Wadudu wasioonekana wanaoelea hewani na waliojificha kwenye mbao za mapipa ndio wanaochachusha. Humo mapipani pombe inakaa mwaka, miwili, mpaka mitatu. Mitatu! Kwetu mbege ikilala wiki moja inakuwa kesi ya ukoo. Halafu wanachanganya changa na kongwe, wanatia chupani ichachuke upya, na hiyo ndiyo gueuze, ambayo kizibo chake hufyatuka kama cha shampeni.

Sasa, Jumamosi moja ya Februari, mke wangu alinituma Matonge. Si ile ya Kinshasa. Ni mtaa wa hapa Brussels, huko Ixelles, ambako Wakongo wananunua kila wanachokikumbuka nyumbani. Mke wangu ni mtu wa Bukavu, na alikuwa amekumbuka makayabu, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa mpaka akawa kama kipande cha ubao. Nikanunua kipande kikubwa, kikafungwa kwenye gazeti, kikaingia kwenye mfuko wa plastiki. Kwenye metro niliona watu wananiachia nafasi. Nikasema moyoni, leo Wabelgiji wana adabu.

Kwenye ngazi nikanaswa na jirani. “Ingia, ingia! Leo nafungua tatu!” Sebuleni walikuwepo wageni wanne, kila mtu na daftari. Madirisha yamefungwa kwa baridi. Nikatafuta pa kuweka mfuko wangu, nikausukuma chini ya meza, ukaegemea lile bomba la ukutani linalopasha nyumba joto.

Kumbukeni hapo nilipouweka.

Chupa ya kwanza ililetwa imelazwa kwenye kikapu kidogo kama mtoto mchanga. Jirani akamimina, akanusa, akatangaza: “Blanketi la farasi.” Wote wakaitikia kwa kichwa. Mimi farasi nimemwona kwenye picha tu. Mmoja akasema anasikia karafuu. Mwingine, mama mwenye miwani, akasema plasta ya hospitali. Glasi zilitoka chupa moja! Jirani akaeleza kwamba wote wako sahihi, maana hamira pori iitwayo Brettanomyces ndiyo mama wa harufu zote hizo, na kwamba jina hilo lilitolewa mwaka 1904 na Claussen, mtaalamu wa kiwanda cha Carlsberg kule Denmark, aliyeipata kwenye bia za Waingereza, ndipo akaiita kuvu ya Uingereza. Mzee mmoja mwembamba kando ya dirisha akanusa, akanusa tena, akasema, “Mimi nasikia ndimu tu.” Wakamwangalia kwa huruma.

Zamu yangu ikafika. Nikanusa. Nilichokisikia nilikijua tangu utotoni, maana kwetu mbuzi alilala ndani na sisi. “Beberu,” nikasema. “Beberu aliyelowa mvua.”

Kimya. Nikajua nimetukana kinywaji cha watu. Kumbe jirani alikaribia kulia kwa furaha. Akasema ndani ya bia hizi mna asidi ambazo wataalamu waliziita kapriliki na kapriki kutokana na mbuzi mwenyewe, capra kwa Kilatini! Wote wakaandika “beberu” kwenye madaftari yao. Nikapigwa begani. Na hapo kichwa kikavimba. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikaanza kuzungusha glasi kama wao.

Chupa ya pili ikafunguliwa yapata nusu saa baadaye. Mama mwenye miwani akainua pua, akasita. “Ngojeni. Kuna... bahari.”

Wengine wakazamisha pua glasini. Ndiyo, bahari. Mmoja akasema mwani. Mwingine akasema kamba za mashua zilizokauka juani.

Niwe mkweli: mimi sikusikia kitu. Pua ni kama mlinzi wa usiku. Mgeni akipita mara ya kwanza anapiga kelele, lakini mgeni huyo akikaa pale pale langoni, mlinzi anasinzia. Nilikuwa nimebeba ule mfuko tangu Matonge, pua yangu ilishalala fofofo kuhusu samaki. Lakini bingwa wa beberu atakaaje kimya? Kiswahili husema tunasikia harufu, na mimi ile ya bahari niliisikia kweli, kwa masikio. Nikanusa kwa madaha, nikafumba macho. “Naam. Tena si bahari hivi hivi. Ni Bagamoyo, maji yamekupwa, ngalawa zinaingia asubuhi.”

Wakaandika Bagamoyo. Mmoja aliniuliza herufi zake, nikamtajia moja moja.

Jirani yeye alishapata sababu: pipa lile lazima liliwahi kuhifadhi mvinyo wa pwani. Mjadala ukawaka. Bomba nalo likaendelea kuwaka. Yule mzee mwembamba akasema tena, “Mimi nasikia ndimu tu,” safari hii kwa sauti ya kukata tamaa, na mama mwenye miwani akamfariji kwamba kuna watu waliozaliwa bila uwezo wa kunusa vitu fulani, si kosa lao.

Ndipo mlango ukagongwa. Mke wangu. Hakusalimu.

“Makayabu yangu iko wapi? Naisikia tangu kwenye ngazi!”

Nilisimama haraka. Wageni wakaniuliza mama anasema nini. Nikatafsiri: “Anasema chakula kiko tayari.” Nilikuwa nimesahau jambo dogo, kwamba mke wangu amesoma Bukavu kwa Kifaransa, na anakizungumza kuliko mimi. Akaingia, akainama, akauvuta mfuko kutoka kwenye bomba. Gazeti lilikuwa limelowa. Akaufungua mbele ya wote, akawaeleza kwa Kifaransa kilichonyooka kwamba huyu ni samaki, kwamba nilitumwa kumnunua tangu saa nne, na kwamba wanayemwona hapo ni mume.

Mama mwenye miwani alinusa mfuko. Akanusa glasi. Akanusa mfuko. Akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja mrefu kwenye daftari, na najua ulipita juu ya Bagamoyo.

Kilichonichoma zaidi nilikikumbuka nikipanda ngazi. Mtoto yeyote aliyewahi kuosha samaki anajua shombo huondolewa kwa ndimu. Bia ile ina ukali wa kukunja uso; kitu cha mwisho ambacho kingetoka ndani yake ni harufu ya samaki. Mzee mwembamba alikuwa akitupa jibu jioni nzima.

Baadaye nilisoma kitu kilichonipoza kidogo. Mwaka 2001 Rachel Herz na mwenzake walichapisha jaribio ambamo watu walinusishwa mchanganyiko uleule wa asidi, mara ukiitwa jibini ya Parmesan, mara matapishi. Ukiitwa jibini unanukia, ukiitwa matapishi unanuka. Nikamsomea mke wangu. Akasema hao nao wangetumwa Matonge.

Chupa iliyobaki jirani alinipa nipande nayo. Mke wangu akaionja mara moja, akaiweka mezani. “Hii ni kasiksi iliyoharibika,” akasema, akimaanisha pombe ya ndizi ya kwao Bukavu, akaendelea kuloweka samaki wake.

Nilikwepa ngazi zile wiki nzima, nikitoka mapema na kurudi usiku. Ijumaa nikanaswa. Jirani alinishika mkono, akatazama huku na huku, akaniambia kwamba baada ya mfuko kuondoka walimimina tena ile chupa ya pili, na kila mtu aliiona imepwaya. Kesho wanafungua nyingine. Niende.

“Na kama utapitia Matonge kwanza,” akasema kwa sauti ya chini, “mimi sitauliza kitu.”