Mpaka ukikazwa, mto hauombi viza

Mwaka 2022 Poland ilikamilisha ukuta wa chuma wa kilomita 186 hivi, kimo chake mita 5.5, mpakani na Belarus. Umepasua msitu wa Białowieża. Sababu ilikuwa nzito: wahamiaji walikuwa wakisukumwa kuvuka kutoka upande wa pili. Lakini linksi, paka mwitu mkubwa wa misitu ya Ulaya, huhitaji eneo kubwa, na kundi dogo likitengwa huishia kuzaliana ndugu kwa ndugu. Milango ya wanyama kwenye ukuta haina faida ikiwa imefungwa. Tuwe wakweli pia: uzio wa Belarus, wa tangu enzi za Kisovieti, ulikuwa umeshawatenga nyati wa Ulaya.

Madhara mengine hayaonekani kwa macho. Sampuli ya maji ya mto wa mpakani, ya kupima bakteria wa kinyesi, hukaa kwenye barafu na hupimwa ndani ya saa 24 kwa kawaida. Ikilala forodhani siku mbili, bakteria wameshakufa au kuongezeka, na kila nchi inabaki na takwimu zake zisizoaminiwa na jirani. Afadhali kila upande upime kwake, kwa njia ileile, siku ileile, kisha yavuke matokeo tu. Vifaa vya kupimia vinaweza kupita kwa hati ya ATA, inayoruhusu kuviingiza kwa muda bila ushuru.

Hata hivyo, wanaodai mipaka iachwe wazi wanasahau kuwa kituo cha mpakani ndipo vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, hukaguliwa. Ndani ya Umoja wa Ulaya, taka nyingi zisizo hatari zinazokwenda kuchakatwa hazihitaji idhini ya awali. Hufuatana na fomu ya Kiambatisho cha VII cha kanuni ya Umoja huo ya usafirishaji wa taka. Mchanganyiko mchafu wa taka ukiandikwa "plastiki", na hakuna anayefungua lori, hugundulika ukishamwagwa. Ukiondoa kizuizi, peleka wakaguzi barabarani na kwenye maghala.

Slovenia ilitandaza waya wa wembe mpakani na Croatia mwaka 2015, lakini kazi ya pamoja ya kurudisha linksi, kwa kuwaleta kutoka Romania na Slovakia, iliendelea. Croatia iliingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi kwenye mipaka baina yao, Januari 2023. Oktoba ya mwaka huohuo Slovenia ikarudisha ukaguzi mpakani. Kwa mabadiliko ya kasi hivyo, naona makubaliano ya mazingira yaandikwe kana kwamba mpaka utafungwa kesho: majina ya wataalamu na vikosi vya zimamoto vilivyoidhinishwa mapema, njia watakayopita, na nambari ya ofisa wa zamu wa kila upande.